Moshi Mweusi wa Mjomba Ermes

Mjomba wangu Ermes Bonfatti hawavumilii watu wa aina mbili: mapadri, na wanaofungua boneti ya gari lake kabla ya kunawa mikono. Amestaafu kazi ya kuyeyusha chuma kwenye kiwanda cha matrekta, mgongo wake umepinda kidogo upande wa kushoto, na kila asubuhi hunywa kahawa amesimama, kama mtu anayewahi zamu kiwandani. Anaishi na dada yake, Mama Mkubwa Argia, kwenye nyumba ya matofali kando ya mfereji, kijijini kwetu Cantone, kwenye tambarare ya Modena. Mama Mkubwa huenda misa kila siku. Mjomba hajaingia kanisani tangu alipobatizwa, na hata siku hiyo, anasema, alipelekwa kwa nguvu.

Gari lenyewe ni la michezo, jekundu, la viti viwili, halina paa, la mwaka 1967. Alilikuta limegeuzwa banda la kuku. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Akalifufua kipande kwa kipande, jioni baada ya kazi, na tangu hapo kila Mei Mosi ndilo linaloongoza maandamano ya klabu ya wafanyakazi. Mjomba anakuwa kwenye usukani, skafu nyekundu shingoni, bendera ya klabu imefungwa nyuma ya kiti, na bendi ya vijana inafuata na matarumbeta yake. Hana mke, hana mtoto, hajawahi kugombea uongozi wa kitu chochote. Ule mwendo mfupi kutoka klabu hadi uwanjani ndio cheo chake.

Mwaka jana cheo hicho kilitoa moshi. Si moshi wa kawaida wa gari la zamani, ule wa kukohoa kidogo asubuhi. Ulikuwa mweusi, mzito, unaotambaa chini. Bendi ilikuwa imevaa mashati meupe mapya. Walipofika uwanjani mashati yalikuwa na madoa, na mpuliza tarumbeta mmoja alikuwa na duara jeusi kuzunguka mdomo.

"Ndugu Ermes," alisema Ivonne Ghelfi, mwenyekiti wa klabu, kwenye kikao kilichofuata, "tunakupenda wewe na tunaipenda bendera. Lakini mama wa wale watoto wamenipigia simu mpaka sikio likawa moto."

"Ni petroli ya siku hizi. Mbaya."

"Iwe petroli, iwe mashetani. Gari lisipopona, mwakani bendera inapanda gari la mkwe wangu."

"Lile la umeme?"

"Lile la umeme."

"Lile friji lenye magurudumu?"

"Friji halimpaki mtu masizi, ndugu."

Mimi nilikuwa upande wa Ivonne, na nilimwambia Mjomba hivyo waziwazi. Hatuwezi kuimba habari za dunia mpya huku tunawapulizia watoto sumu kifuani. Haki ya kupumua inatangulia haki ya kupeperusha bendera. Mjomba alinitazama kama anavyotazama skrubu iliyokwisha meno.

"Chuo kikuu kimekufundisha kuhutubia," alisema. "Haya, shika tochi."

Basi tukaanza. Na hapa lazima niseme kwamba mwanzo ulikuwa mzuri. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe ni maji, na mweusi ni petroli inayoingia kwa wingi kuliko hewa ya kuiunguza. Wa kwetu ulikuwa mweusi. Tulifungua plagi: zote nne zimevaa masizi makavu, laini kama unga wa mkaa. Kwa hiyo ringi za pistoni zilikuwa salama, na ugonjwa haukuwa wa silinda moja. Ulikuwa wa gari zima. Ama petroli ilikuwa imezidi, ama hewa ilikuwa imepungua. Mambo mawili tu! Mtu mwenye akili timamu angechunguza moja, kisha la pili, akaenda kula.

Lakini tulikuwa Cantone.

Kwanza akaja Learco Truzzi. Learco alikuwa dereva wa basi la shule, na yeye na Mjomba wamekuwa wakigombana tangu walipokuwa wanavaa kaptula. Alinusa eksozi, akapitisha kidole ndani ya bomba, akakitazama kidole kwa muda mrefu.

"Floti," alisema. "Vile viboya vya kabureta vimetoboka, vinazama, petroli inafurika."

"Floti zangu ni nzima kuliko kichwa chako," alisema Mjomba.

"Ulizipima?"

"Na wewe kichwa ulikipima?"

Mabishano yakahamia klabu, na klabuni kwetu kila jambo linapigiwa kura. Tunapigia kura aina ya soseji ya sikukuu. Tunapigia kura rangi ya viti. Mimi naipenda desturi hiyo, na ningeitetea mbele ya mtu yeyote, maana babu zetu walipigwa marungu ili wapate haki ya kuinua mkono. Lakini jioni ile Ivonne aligonga glasi kwa kijiko, akasema, "Basi, tusipoteze muda. Nani anasema ni floti?"

Mikono ikainuka. Floti zilishinda. Choki ikawa ya pili, petroli mbaya ya tatu, na mzee mmoja hakupiga kura kwa sababu alidhani tunazungumzia bingo.

Nilisimama. "Ndugu zangu, masizi hayana chama! Kabureta haijui nani ana kura nyingi! Tupime!"

"Kijana," alisema Ivonne, "ukitaka kusema, inua mkono kwanza."

Floti zikabadilishwa, kwa uamuzi wa wengi. Moshi ukabaki. Tukapiga kura tena: pampu inasukuma kwa nguvu mno. Tukabadilisha pampu. Moshi ukabaki. Kisha Learco, bila hata kura, akaja siku moja asubuhi wakati Mjomba yuko kwa daktari wa meno, akabadilisha jeti za kabureta, akasogeza majira ya moto wa plagi, na akakaza choki, yote kwa mpigo mmoja. Gari likaanza kutoa moshi na pia kupiga risasi kwenye eksozi. Nikamuuliza kati ya vile vitatu ni kipi kimeharibu.

"Nitajuaje?" alisema. "Nimevifanya kwa pamoja."

Nilitaka kulia. Nilitupa spana kwenye mfereji, kisha nikaingia mferejini kuifuata, maana ilikuwa ya Mjomba.

Kilichotuchanganya zaidi kuliko Learco ni namna yetu ya kuseti kabureta. Hapa kwetu kabureta hazisetiwi kwa mashine. Unafungua mfuniko unaozifunika, na pamoja nao unang'oa mpira mnene wa hewa, ule wenye mikunjo unaotoka kwenye chujio kule mbele. Kabureta zikishabaki wazi, unachukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, mwisho mmoja sikioni, mwisho mwingine kwenye koo la kabureta, unasikiliza inavyovuta pumzi. Mjomba ni hodari wa kazi hiyo. Anafumba macho, anageuza bisibisi kidogo tu, na injini inatulia kama mtoto aliyeshiba. Kila tuliposeti, gari lilikuwa zima kabisa. Ukikanyaga mafuta, eksozi inatoa hewa safi. Tunashangilia, tunarudisha mfuniko na mpira, Mjomba anaingia barabarani, na kabla hajafika kwenye ile miti mirefu ya mipopla ya Truzzi nyuma yake kuna wingu jeusi.

"Ni barabara," Mjomba alikuwa anasema. "Likibeba mzigo linaumwa."

"Ni floti," alikuwa anasema Learco.

Na uani Mama Mkubwa Argia alikuwa anapiga kelele zake. "Ermes! Shuka zangu! Nimezifua leo asubuhi, tazama, zina vidoadoa kama manyoya ya kanga!"

"Anika ndani!"

"Wewe ndiye uendeshe ndani! Nitaliombea hilo gari, maana nyie mmeshindwa."

Hapo Mjomba alitoa kichwa kwenye boneti. "Usiliombee! Gari hili halina bwana wala mtakatifu!"

Kauli hiyo alikuwa ameitoa mara nyingi. Zamani Mama Mkubwa aliwahi kubandika medali ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, karibu na usukani. Mjomba aliing'oa kwa bisibisi akaitupa kwenye mfereji huu huu. Hawakusemeshana mpaka mavuno ya zabibu yakaisha. Mama Mkubwa si mtu wa kunyamaza, lakini safari hii alinyamaza, akanyanyua kapu lake la nguo, akaingia ndani. Sote tulishukuru tu.

Hivyo ndivyo majira ya baridi yalivyopita. Ukungu ukaja, ukungu ukaondoka, na tukafika siku moja kabla ya Mei Mosi. Jioni hiyo klabu ingekutana kuamua gari la kubeba bendera, na mkwe wa Ivonne alikuwa ameshaosha friji lake.

Mchana ule nilikuwa peke yangu na Mjomba gereji, na nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. Nilimwambia: leo hatusikilizi, hatupigi kura, tunafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Tulirudisha kwanza kila kitu alichochezea Learco. Tukaliwasha gari likiwa wazi, bila mfuniko wala mpira. Safi. Tukarudisha vyote, nikakanyaga mafuta. Moshi mweusi ukajaa gereji mpaka tukakimbilia nje. Nikatoa chujio la hewa kabisa, nikabakiza mfuniko na mpira. Nikakanyaga tena. Mweusi uleule.

"Unaona?" nilisema. "Si chujio, si kabureta. Hewa inabanwa njiani. Ni huo mpira!"

"Mpira ni mzima. Nimeutazama."

"Umeutazama nje! Umepinda kama kiwiko, huwezi kuona katikati. Ung'oe tuuchungulie."

"Usinifundishe gari langu!"

"Gari lako linawapaka watoto masizi!"

Aliweka spana chini. Alikaa juu ya tairi la akiba, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko miwani yenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Badala yake alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie Ivonne achukue bendera. Mimi nimechoka. Waache waende na friji lao."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemkasirikia, na sasa nilimkasirikia zaidi kwa kukata tamaa.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anakanda unga wa gnocco, maandazi yetu ya kukaanga, kwa ajili ya sikukuu, na mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Haiwezekani," alisema. "Haiwezekani lisipone. Nimewaweka wote."

Mjomba akavaa miwani. "Wote nani?"

Mama Mkubwa akaanza kukwangua unga kwenye kiwiko.

"Argia. Wote nani?"

"Kristofa," alisema Mama Mkubwa. "Ule mwaka ulipokaribia kutumbukia mferejini kwa sababu ya ukungu. Halafu moshi ulipoanza, nikamwongeza Antoni. Halafu Lusia, wa macho, ili uone njia. Halafu Geminiano, maana yeye ni wa hapa hapa kwetu, anatujua. Na juzi nimemweka Rita, wa mambo yaliyoshindikana."

"Umewaweka wapi?"

Akanyoosha kidole chenye unga kuelekea kwenye mpira wa hewa. "Mwanzoni hapo, kwenye kile kibano cha kufungua kwa vidole. Nisingeweza kuwaweka mahali unapoona. Ungewatupa."

Mjomba aliung'oa ule mpira kwa nguvu hata kibano kikaruka. Akaukunjua, akautikisa chini. Mtakatifu Rita alitoka kwanza, msafi, anang'aa, maana alikuwa mgeni. Wengine ilibidi wavutwe kwa koleo. Zilikuwa picha zile za plastiki ngumu, ukubwa wa karata, zimelowa mvuke wa oili na kugandana kama karata zilizonyeshewa. Kristofa alikuwa amejikunja na kuchukua umbo la mdomo wa mpira. Ndipo nilipoelewa. Injini ikivuta pumzi kwa nguvu, watakatifu walikuwa wananyanyuka na kuziba njia. Injini ikizimwa, walikuwa wanalala chini penye kiwiko, kimya. Kadiri gari lilivyozidi kuugua ndivyo Mama Mkubwa alivyoongeza dawa, na dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa inaliziba koo.

"Umelinyonga gari langu!" Mjomba alinguruma. "Mwaka mzima! Na hawa watakatifu wako!"

"Nimekulinda! Umepata ajali hata moja?"

"Gari linalokwenda kama jeneza litapataje ajali?"

"Basi si umeona? Limekwenda polepole. Nilikuwa naomba hilohilo."

"Shuka zako, Argia! Masizi kwenye shuka zako yametoka kwako mwenyewe!"

Mama Mkubwa aligeuka. Alitazama uani, kwenye kamba, akafuta mikono kwenye aproni. "Ungekufa mferejini," alisema, "mimi ningebaki na nani humu ndani?"

Mjomba aliwakusanya watakatifu wote watano, akawatia mfukoni. Alirudisha mpira mtupu, akaliwasha gari, akaenda hadi mipopla ya Truzzi na kurudi. Nyuma yake kulikuwa na barabara tu. Barabara nyeupe, na vumbi kidogo.

Jioni tulikwenda klabu. Watu walikuwa wanacheza karata na kunywa ile divai yetu nyekundu ya povu. Ivonne alisema kamati ilikuwa imeshaamua gari la umeme, na uamuzi hautenguliwi mpaka ndugu Ermes aeleze ugonjwa ulikuwa nini na umeponaje, kwa sababu kila mwezi alikuwa anasema limepona.

Learco alimsogelea Mjomba, akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia. "Sema ni floti, rafiki yangu. Sema tu ni floti, tumalize."

Nilimwona Mjomba anafikiri. Kama angesema floti, ingekwisha hapo hapo. Learco angejivuna mpaka kiama, lakini bendera ingerudi, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba mtu aliyeapa kwamba gari lake halina bwana wala mtakatifu amekuwa akiendesha kanisa zima.

"Si floti," alisema. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka wale watano mezani, katikati ya karata. "Walikuwa kwenye mpira wa hewa."

Watu wakainama kutazama. Halafu kicheko kikaanza upande wa jikoni, kikaja kama treni.

"Ndugu Ermes amefuga watakatifu!"

"Alianza na kuku!"

"Ermes, mchango wa kanisa unakusanya wewe au padri?"

Masikio ya Mjomba yalikuwa mekundu kuliko skafu. Alingoja. Kisha akapiga meza kwa kiganja kile cha mfanyakazi wa tanuru, na glasi zikaruka.

"Dada yangu ndiye aliyewaweka," alisema, "kwa sababu aliogopa nisije nikafa kwenye ukungu. Anayetaka kucheka anicheke mimi. Atakayemcheka yeye atanikuta nje."

Ivonne aligonga glasi. "Nani anasema bendera irudi kwa ndugu Ermes?"

Mkono wake mwenyewe ulikuwa wa kwanza kuinuka. Mkwe wake alishusha macho, akatazama funguo za friji.

Mei Mosi kulikuwa na jua. Gari jekundu liliongoza, injini inaimba, na bendi ilifika uwanjani na mashati meupe kama ilivyoondoka. Tulipofika nilipitisha kidole ndani ya eksozi: rangi ya kijivu hafifu, kama jivu la kuni kavu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nilifurahi mno hata nikamwonyesha kila mtu aliyepita, na nikaanza kueleza kwamba hivi ndivyo ukweli unavyopatikana, kwa kupima, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

"Zile floti mpya zinafanya kazi nzuri sana," alisema Learco, akichungulia kidole changu.

"Learco! Haikuwa floti!"

"Mwanzoni haikuwa. Lakini zimesaidia."

Mama Mkubwa Argia alikuwa amekuja na sinia la gnocco. Alikuwa amevaa nguo yake ya misa, na alisimama karibu kabisa na bendera nyekundu, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. Alilitazama gari kwa muda, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mnaona?" alisema. "Rita hajawahi kuniangusha. Siku mbili tu, mambo yote yamenyooka."

"Mama Mkubwa, limepona kwa sababu tulimtoa!"

"Angetolewaje kama hakuwekwa?"

Niligeuka kwa Mjomba anitetee. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, mdomo umejaa gnocco, na hakuwa ananisikiliza hata kidogo. Alikuwa anautazama mkono wa dada yake, ule usioshika sinia. Ulikuwa umezama kwenye mfuko wa nguo, na ulikuwa unapapasa kitu kidogo, bapa, kigumu, ukubwa wa karata.

"Argia," alisema Mjomba, akameza. "Mweke kwenye buti. Chini ya jeki. Na usinionyeshe."